Mkasi Tunaouomba Wenyewe



Wapendwa waamini, wamekuwapo miongoni mwenu, hasa wazazi na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wanaotuuliza kwa uchungu kwa nini sisi mapadre hatupazi sauti kuitaka serikali ifungie nyimbo chafu na vipindi vichafu vinavyomiminika majumbani mwetu kutoka redioni, runingani na katika simu za watoto. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wanapendekeza parokia iandike barua, iorodheshe nyimbo moja baada ya nyingine, ipigwe mhuri na kupelekwa Baraza la Sanaa la Taifa. Jibu letu ni hapana. Barua hiyo hatutaiandika, na tunawasihi nanyi msiiandike. Kwa kuwa jibu hili limewakwaza baadhi yenu, ni haki yenu kuzisikia sababu zake.

Tukubaliane kwanza juu ya jambo lisilohitaji ubishi. Nyingi za nyimbo hizo ni chafu. Zinamfanya mwanamke kuwa bidhaa, zinamtukuza mzinzi na mlevi, na mtoto wa darasa la pili anaziimba njiani akitoka shule kwa maneno ambayo kama angeyatamka mezani kwao angechapwa. Hatuzitetei. Wala hatuna hamu ya kujifanya watu wa kisasa mbele ya vijana wetu, maana padre anayejifanya kijana huchekwa na vijana kabla ya wazee. Swali letu ni jingine: nani ashike mkasi, na akishaushika, nani atamwambia wapi aishie kukata?

Tutazame yaliyotokea hapa kwetu. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alitoa wimbo uitwao Wapo, wenye kuwasema wakubwa. Alikamatwa Morogoro, na Baraza likaufungia wimbo. Haukupita muda, waziri mwenye dhamana, Dkt. Harrison Mwakyembe, akatangaza kuwa Rais John Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo wake upigwe. Watu wengi walishangilia. Lakini tujiulize walishangilia nini hasa. Wimbo uliokuwa kosa umekuwa ruksa, bila hakimu kusikiliza upande wowote na bila yeyote kueleza kosa lilikuwa nini tangu mwanzo. Mkubwa mmoja alichukia, mkubwa zaidi yake akapenda. Nchi ambayo uhuru wa kusema unategemea mkubwa ameamkaje siku hiyo haina uhuru wa kusema, hata siku ambayo mkubwa ameamka vizuri.

Siku chache baadaye, Aprili 2017, msanii anayejiita Roma Mkatoliki (jina hilo peke yake lingetosha kutufanya tuulize habari zake) alichukuliwa studio jijini Dar es Salaam pamoja na wenzake na watu wasiojulikana, akapatikana siku ya tatu. Machi 2018 msanii huyo huyo akafungiwa miezi sita kwa sababu ya wimbo Kibamia, uliosemwa kuwa umekosa maadili. Hatudai kwamba mambo hayo mawili yalitoka katika mkono mmoja. Wimbo wenyewe hauna la kusifiwa mbele ya watoto. Tunasema tu kwamba shtaka la maadili ni shtaka jepesi mno. Halihitaji shahidi, na waumini ndio wa kwanza kulipigia makofi. Anayetaka kumnyamazisha mtu kwa sababu nyingine hawezi kupata kisingizio kizuri kuliko hicho. Na mkumbuke Novemba 2018, Baraza lilipoufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Ni nani aliyekuwa hajausikia ambaye hakuutafuta siku hiyo hiyo?

Magazeti nayo yaliupata mkasi. Mseto lilifungiwa mwaka 2016 kwa miaka mitatu. Mwaka 2017 Mawio na MwanaHalisi yalifungiwa miaka miwili kila moja. Mwaka 2020 Tanzania Daima likanyang'anywa leseni. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ilitamka mwaka 2018 kuwa amri dhidi ya Mseto ilikiuka Mkataba wa Jumuiya, lakini magazeti yote manne yalirudishiwa ruhusa Februari 2022 tu, serikali ilipokuwa imebadilika. Wahariri na wapiga chapa waliokaa miaka hiyo bila mshahara hawakurudishiwa kitu.

Mtatuambia kwamba hayo ni ya wanamuziki na waandishi, na sisi tuna madhabahu yetu. Kwaresima ya mwaka 2018 maaskofu wetu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania walitoa ujumbe wakieleza, pamoja na mengine, wasiwasi wao juu ya kubanwa kwa shughuli za kisiasa na kufungiwa kwa vyombo vya habari. Pasaka ya mwaka huo maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri wakatoa wao. Baada ya wiki chache Walutheri wakaandikiwa barua kutoka ofisi ya Msajili wa Jumuiya za Kijamii, wakipewa siku kumi wawe wameufuta ujumbe wao. Barua ilipovuja, Waziri wa Mambo ya Ndani aliikana na kumsimamisha msajili. Basi ikaishia hapo, na watu wakasahau. Sisi hatukusahau. Kalamu iliyoweza kuwaandikia maaskofu wa Kilutheri inazo anwani za maaskofu wa Kikatoliki pia. Juni 2025 kanisa la Askofu Josephat Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kusema hadharani juu ya utekaji wa watu. Tunatofautiana na mhubiri huyo katika mengi ya imani, tena makubwa. Lakini Mkatoliki aliyefurahi siku ile kwa sababu mlango uliofungwa ulikuwa wa jirani, hajatazama mlango wake umetengenezwa kwa mbao gani.

Kwa kuwa ya nyumbani huonekana vizuri zaidi ukisimama mbali kidogo, twendeni kwa jirani zetu wa Malawi. Chini ya Rais Kamuzu Banda, Malawi ilikuwa na kila kitu ambacho baadhi yenu mnatuomba tukidai. Ilikuwa na sheria ya udhibiti ya mwaka 1968 na bodi ya kuchuja vitabu, filamu na nyimbo. Mwaka 1973 ikapata sheria ya mavazi: mwanamke hakuruhusiwa kuvaa suruali wala sketi fupi. Wageni walikaguliwa mipakani. Mchungaji gani, padre gani asingeona kwamba hapo maadili yanalindwa? Na kweli, kwa miaka mingi sauti za makanisa hazikusikika sana zikilalamika. Mkasi ulikuwa ukikata vitu ambavyo sisi watu wa dini hatukuvipenda.

Ndipo ikafika Dominika ya Kwanza ya Kwaresima, 8 Machi 1992. Maaskofu Katoliki wa Malawi walikuwa wameandika waraka wa kichungaji juu ya kuishi imani, ukachapwa kimya kimya, ukasambazwa, na siku hiyo ukasomwa makanisani nchi nzima. Ulisema kwa upole mambo ambayo kila Mmalawi aliyajua na hakuthubutu kuyatamka: shule na hospitali zilivyokuwa, pengo la tajiri na maskini, watu kufungwa bila hukumu, hofu ya kusema. Yasemekana katika makanisa mengine watu walilia, katika mengine walipiga makofi katikati ya Misa, jambo ambalo sisi wenyewe kwa kawaida hatulipendi. Haikupita hata juma moja serikali ikautangaza waraka kuwa wa uchochezi, na kuwa nao tu kukawa kosa. Maaskofu waliitwa na polisi kuhojiwa. Monsinyori John Roche, Mwairishi aliyekuwa akiliongoza jimbo la Mzuzu, alifukuzwa nchini. Kiwanda cha uchapaji cha Kanisa kule Balaka kilichomwa moto.

Serikali iliyokuwa imezoea kuwaambia raia wasome nini na wavae nini haikuona ajabu kuwaambia maaskofu waseme nini, na haikuhitaji kujifunza kazi mpya. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imeifanyia mazoezi kwa vitabu, filamu na magauni. Bahati njema, watu waliunakili waraka kwa mikono na kwa mashine, wakaupitisha usiku, na Juni 1993 wakapiga kura ya maoni kudai vyama vingi. Mwaka 1994 Banda akashindwa uchaguzi.

Sasa tunalifikia pingamizi zito, na hatutaki kulikwepa, kwa sababu aliyelitoa ni mwalimu mstaafu ambaye hasemi ovyo. Je, Rwanda? Je, redio iliyoua watu? Ni kweli. RTLM ilianza kutangaza Julai 1993, na mwaka uliofuata ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha ili wakauawe. Nyimbo za Simon Bikindi zilipigwa humo. Atakayesema kwamba maneno ni upepo, aende Murambi au Nyamata akatazame. Hatusemi kwamba kila neno liachwe.

Lakini tazameni jinsi Bikindi alivyohukumiwa, na alihukumiwa hapa kwetu Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Majaji walisikiliza mashahidi na wanamuziki, wakachambua mashairi yake mstari kwa mstari, naye akawa na mawakili wa kumtetea. Tarehe 2 Desemba 2008 walimpa miaka kumi na mitano. Si kwa ajili ya nyimbo. Walimtia hatiani kwa sababu mwishoni mwa Juni 1994 alipita katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove na kipaza sauti, akiwahimiza watu waue. Nyimbo zake waliziona kuwa zilichochea chuki, lakini hawakuridhika kwamba zenyewe, kwa ushahidi uliokuwapo, zilitosha kumtia hatiani. Wapo walioudhika na hukumu hiyo. Sisi tunaiona kuwa mfano wa jinsi kazi hii ngumu inavyopaswa kufanywa: kuna kosa lililoandikwa, kuna mshtakiwa anayesikilizwa, kuna waliodhurika wanaosimama kizimbani, kuna rufaa. Barua ya ofisini yenye mistari minne na mhuri haina hata kimoja kati ya hivyo.

Na Rwanda hiyo hiyo ina mwanamuziki wa pili, ambaye waamini wetu wengi hawamjui na wangepaswa kumjua, kwa maana alikuwa wetu. Kizito Mihigo alizaliwa mwaka 1981 Kibeho, pale ambapo Kanisa limeyathibitisha matokeo ya Mama Bikira Maria. Alinusurika mauaji ya kimbari akiwa mtoto. Baba yake aliuawa. Akawa mpiga kinanda na mtunzi wa nyimbo za liturujia, nyimbo za kuimbwa katika Misa, si za kumbi za starehe. Alisoma muziki Ufaransa. Akahubiri msamaha kwa wimbo, mpaka magerezani. Alipendwa na Kanisa na kwa miaka kadhaa alipendwa na serikali, hata akawa anaimba katika kumbukumbu za kitaifa.

Machi 2014, kumbukumbu ya miaka ishirini ilipokaribia, alitoa wimbo juu ya maana ya kifo, Igisobanuro cy'urupfu. Ndani yake aliwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari, na akawakumbuka pia waliouawa kwa visasi ambavyo havikuitwa kwa jina hilo. Basi. Mkristo aliyewaombea marehemu wote. Wimbo ukapigwa marufuku. Aprili akakamatwa, na Februari 2015 akahukumiwa miaka kumi kwa kosa la kula njama dhidi ya serikali. Septemba 2018 alipata msamaha wa Rais. Februari 2020 akakamatwa tena karibu na mpaka wa Burundi, na tarehe 17 ya mwezi huo akakutwa amekufa katika mahabusu ya polisi Kigali. Polisi walisema alijiua. Mashirika ya haki za binadamu yalidai uchunguzi huru.

Liwekeni jambo hili moyoni. Nchi iliyokuwa na sababu kubwa kuliko zote duniani za kuogopa neno ovu, ilipopata mkasi, iliukata nao wimbo wa kuwaombea marehemu. Kama sababu nzuri kuliko zote haikutosha kuuzuia mkasi, sababu yetu ya sketi fupi katika video itatosha?

Wapo watakaotukumbusha kwamba Kanisa lenyewe lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Lilikuwa nayo, tangu mwaka 1559 hadi mwaka 1966, na kitabu cha Kopernikus kilisimamishwa mwaka 1616 kwa kusema kwamba dunia ndiyo inayozunguka jua. Lakini tuchukue mfano ulio karibu zaidi na magoti yetu. Kila siku saa tisa alasiri wengi wenu mnasali Rozari ya Huruma ya Mungu, na Dominika inayofuata Pasaka kanisa linajaa mpaka nje. Je, mnajua kwamba mwaka 1959 picha na maandiko ya ibada hiyo, kwa namna alivyoyaeleza Sista Faustina Kowalska, yalikatazwa na Ofisi Takatifu kule Roma? Katazo hilo lilidumu miaka kumi na tisa. Lilipoondolewa Aprili 1978, aliyekuwa amelishughulikia kwa miaka mingi ni Kardinali Karol Wojtyła wa Kraków, ambaye miezi sita baadaye alikuwa Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, na mwaka 2000 akamtangaza Sista huyo kuwa mtakatifu. Waliokataza walikuwa watu wa sala na wa elimu. Hawakuwa na polisi, na hawakutafuta kura. Na bado waliizuia zawadi ambayo leo hamwezi kufikiri mwezi wenu bila hiyo. Kama hao walikosea juu ya mtakatifu, afisa wa serikali mwenye mafaili mia mezani atapatia?

Katekista mmoja ametuletea Inter Mirifica, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya tarehe 4 Desemba 1963, akatuonyesha kwamba hapo mamlaka ya kiraia inapewa wajibu wa kuyalinda maadili dhidi ya matumizi mabaya ya vyombo vya habari. Tunamshukuru kwa kusoma, wangekuwa wengi! Ila aya hiyo ya 12 isomwe tangu juu. Wajibu wa kwanza unaotajwa pale ni kuulinda uhuru wa kweli na wa haki wa kupashana habari. Sheria za kuwakinga vijana zinafuata baadaye, na ni sheria, si amri za ghafla. Anayemwonyesha mtoto picha za ngono apelekwe mahakamani, na sisi tutakuwa wa kwanza kutoa ushahidi. Anayeita kabila au dini fulani kuuawa, hali kadhalika. Kituo cha redio kipangiwe saa za vipindi vya watu wazima. Hayo yote hayahitaji mtu mmoja mwenye uwezo wa kuufuta wimbo kwa sababu haukumpendeza.

Maandiko Matakatifu nayo yana padre aliyefanya mnachotuomba. Jina lake Amazia, kuhani wa Betheli. Alimpelekea mfalme Yeroboamu mashtaka kwamba Amosi anafanya njama, kisha akamwambia nabii aende akale mkate wake Yuda na asitoe unabii tena Betheli, kwa kuwa pale ni patakatifu pa mfalme. Hakusema patakatifu pa Mungu. Kuhani akishaiomba dola imsaidie kunyamazisha, madhabahu yake inabadilika mwenyewe.

Basi tufanye nini na uchafu? Hapa tuseme bila kuzunguka. Tumebariki ndoa nyingi saa nane mchana. Saa mbili usiku tunakaribishwa ukumbini kusali kabla ya chakula, na kabla hatujamaliza ishara ya msalaba DJ ameshaupiga ule ule wimbo mnaotaka tuuandikie barua, na mama mlezi wa ndoa, kiongozi wa jumuiya, ndiye wa kwanza kusimama, na watoto wa Utoto Mtakatifu wako katikati na sare zao wakiyafuata maneno yote bila kukosea hata moja. Nani alimlipa DJ? Kamati. Nani alichanga? Sisi sote, kwa kadi. Kipaimara hali kadhalika, tena huko ni vibaya zaidi, maana Roho Mtakatifu ameshuka asubuhi ile ile. Ile redio ya sebuleni ina kitufe, na kitufe hicho hakiko Dar es Salaam wala Dodoma.

Kuanzia mwezi ujao, kamati ya harusi itakayokuja ofisini kuandikisha tangazo la ndoa tutaiuliza pia nyimbo za ukumbini. Hatutamkatalia mtu sakramenti kwa sababu ya DJ, hilo lieleweke. Tutauliza tu, tutazisoma maneno yake pamoja na bwana na bibi harusi kwa sauti, mezani, wazazi wa pande zote wakiwa wamekaa. Wale watunzi wa kwaya wanaolalamika kwamba nyimbo zao haziingii ukumbini waje na wao, na waje na kitu ambacho mtu anaweza kukichezea. Si kila wimbo wa Kikristo ni lazima ulie kama msiba.

Dominika njema.